Fundi mmoja asema RAM, mwingine asema SSD ya 2TB: nimsikilize nani?

Assalam aleikum ndugu mafundi,

Nina kibanda cha steshenari hapa Ngamiani, Tanga. Kazi zangu ni kuchapa barua na wasifu, kutoa kopi, kupiga picha za pasipoti na kuwajazia watu fomu za mtandaoni. Zote zinapita kwenye laptopu moja, Lenovo ThinkPad T450, niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Ni Core i5, RAM (kumbukumbu ya muda) 4GB, hadi diski (HDD, diski ya kuzunguka) ya 500GB, na ndani mna Windows 10.

Asubuhi naiwasha, nafagia, napanga karatasi, narudi nakuta bado inazunguka. Nikifungua Word na kivinjari kwa pamoja, mteja husubiri mpaka akaaga. Nikitazama Task Manager, diski inasoma asilimia 100 hata nikiwa sijagusa kitu. Wiki hizi imeanza pia kutoa mlio, tik, tik, inaganda kidogo, halafu inaendelea. Betri nazo zimechoka, umeme ukikatika inazimika papo hapo.

Nimeuliza mafundi watatu. Wa kwanza anasema apige Windows upya, itakuwa nyepesi. Wa pili anasema niongeze RAM tu. Wa tatu ana SSD (diski isiyo na kinachozunguka) ya NVMe, aina ya kadi nyembamba yenye kasi zaidi, ya 2TB, anaiuza shilingi 75,000, na anasema hakuna yenye kasi kama hiyo. Mimi nimetenga shilingi 200,000. Nimejaza kama 210GB, na ndani mna kazi za wateja za miaka minne pamoja na skani za vitambulisho vyao. Hizo sitaki zipotee. Ninunue ipi, na nianzie wapi?

Dada wa steshenari, Ngamiani

*

Wa aleikum salaam, dada yetu.

Kabla ya SSD na kabla ya RAM, tuanze na huo mlio. Hadi diski ikilia tik tik kisha ikaganda, mara nyingi maana yake ni kwamba kichwa cha kusomea kimeshindwa kusoma sehemu fulani, kimerudi kwenye maegesho yake, kinajaribu tena. Diski ya namna hiyo inaweza kuendelea miezi, na inaweza isiwake kesho asubuhi. Kwa hiyo kazi ya kwanza uifanye leo ukishafunga kibanda: nunua flashi ya 64GB au 128GB kutoka duka unaloliamini, uhamishe vile visivyo na mbadala. Anza na skani na kazi za wateja, kisha hesabu za biashara, kisha picha. Filamu na nyimbo ziache mwisho, au ziache kabisa. Nakili folda moja moja. Ukiburuta 210GB zote kwa mpigo, faili moja mbovu itakwamisha zilizobaki, nawe hutajua zipi zimepita. Ikigoma kwenye faili fulani, iruke, endelea na nyingine.

Ili ujue hali yake kwa hakika, pakua CrystalDiskInfo, programu ya bure inayosoma afya ya diski. Angalia mistari mitatu: 05, C5 na C6. Mstari wa C5 unahesabu sehemu ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado haijaamua izifanye nini. Ukiona hapo namba yoyote zaidi ya sifuri, na kazi inaganda kama ulivyoeleza, diski hiyo imeshaanza kuondoka. Namba za safu ya mwisho huandikwa kwa mtindo wa kompyuta unaochanganya tarakimu na herufi, kwa hiyo ukikuta 1A usidhani ni kosa, ni 26.

Sasa utaona kwa nini ushauri wa fundi wa kwanza ndio unaotutia hofu zaidi. Kupiga Windows upya juu ya diski hiyo ni kuilazimisha iandike makumi ya gigabaiti ilhali haina nguvu hata ya kusoma, na ukifuta sehemu ilizogawanywa (partition) kabla ya kunakili, kazi za miaka minne zinakwenda nazo. Kwa sababu hiyo hiyo usiruhusu mtu aiendeshee CHKDSK, zana ya Windows ya kukagua diski, kwa kukarabati, wala kuipanga upya (defragment). Mgonjwa huyu atolewe mizigo, asiongezewe.

Fundi wa pili yuko sahihi nusu. Hiyo asilimia 100 unayoiona ina sababu mbili zinazosaidiana. Hadi diski nyingi za laptopu huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mzunguko mmoja huchukua milisekunde 11. Ongeza muda wa kichwa kusogea kutoka upande mmoja hadi mwingine, utapata diski inayoweza kutimiza maombi kati ya 50 na 80 hivi kwa sekunde pale faili zinapokuwa ndogo na zimetawanyika. Windows inapowaka inaomba maelfu ya vipande vya aina hiyo. SSD haina kinachozunguka; hata ile ya kawaida ya SATA (kiunganishi cha kawaida cha diski) hutimiza makumi ya maelfu ya maombi kwa sekunde. Hapo ndipo tofauti yote ilipo. Zile namba kubwa za megabaiti kwa sekunde zinazoandikwa kwenye boksi zinahusu kunakili faili moja kubwa, na kazi ya steshenari si hiyo.

Sababu ya pili ni RAM. Gigabaiti 4 zikijaa, Windows hugeuza sehemu ya diski kuwa kumbukumbu ya akiba, ikawa inaandika na kusoma huko bila kupumzika. Kivinjari chenye kurasa tano na Word vinatosha kufikia hapo. Ukiongeza RAM peke yake utapata nafuu, lakini kuwaka kutabaki kwa taabu, na diski bado ni ile ile inayokufa. Ukiweka SSD peke yake utaona mabadiliko makubwa mno, ila kurasa zikizidi utahisi mashine inakaza. Ukiweza, fanya vyote viwili, SSD ikitangulia.

Kuhusu ya NVMe, dada, usinunue. Kwanza haiingii. Ndani ya T450 diski hukaa kwenye nafasi ya inchi 2.5, unene wa milimita 7, kupitia kiunganishi cha SATA. Mna pia tundu dogo la M.2, lakini limewekewa kadi fupi ya urefu wa milimita 42, kwa kawaida modemu ya laini ya simu. NVMe zinazouzwa madukani nyingi ni 2280, yaani upana milimita 22 na urefu milimita 80. Hata ukikata tamaa ukataka kuilazimisha, hakuna pa kuilaza.

Pili, 2TB kwa shilingi 75,000 haifanani na bei ya bidhaa halisi. Ziko SSD sokoni ambazo chipu ya udhibiti imebadilishwa programu yake itangaze ukubwa isiokuwa nao. Windows inaamini, inaonyesha 2TB, nawe unajaza ukifurahi. Ukivuka ukubwa wa kweli, ambao huenda ni 64GB au 128GB, data mpya inaandikwa juu ya ile ya zamani au inatupwa kabisa. Majina ya faili yanabaki yakionekana kwenye folda, kwa hiyo hutagundua lolote mpaka siku mteja atakaporudi kutaka waraka wake, ujaribu kuufungua, nao ugome kufunguka. Uzito usikudanganye pia. SSD halisi za inchi 2.5 ni nyepesi, na nyingi ubao wake wa ndani haujazi hata nusu ya kasha.

Cha kununua ni SSD ya SATA ya inchi 2.5, yenye ukubwa wa 480GB, 500GB au 512GB. Ya 240GB usiifikirie. Kwenye Windows itasoma takribani 223GB, nawe una 210GB tayari, na SSD iliyojaa pomoni hupungua kasi kwa sababu inakosa nafasi ya kupangia data yake. Acha wazi angalau sehemu moja kati ya tano. Ya 1TB ni nzuri ikiwa fedha inaruhusu, lakini kwa kazi uliyoeleza tungependa hiyo tofauti iende kwenye RAM na betri.

Kwa majina, Samsung 870 EVO na Crucial MX500 zina kumbukumbu ya DRAM ndani yake inayohifadhi ramani ya mahali data ilipo, na zote mbili zina dhamana ya miaka mitano. Kingston A400, Crucial BX500 na WD Green hazina DRAM. Kwa barua, fomu na picha za pasipoti huwezi kuona tofauti kubwa. Utaiona unaponakili makumi ya gigabaiti kwa mpigo, maana baada ya muda kasi inaanguka, wakati mwingine hadi karibu na ile ya hadi diski. Kwa hiyo ukipata yenye DRAM ndani ya bajeti, chukua. Usipoipata, A400 halisi ni bora kuliko EVO ya bandia, na za bandia za majina makubwa zipo.

Watu wengi hutuuliza kama SSD inaisha upesi. Kwa kazi yako, hapana. Samsung 870 EVO ya 500GB imepewa kiwango cha kuandikiwa terabaiti 300. Tuseme unaandika 20GB kila siku, ambayo ni nyingi kwa steshenari. Kwa mwaka ni terabaiti 7.3, na kufikia 300 utahitaji zaidi ya miaka 40. Mengine yataiua kabla ya hapo, na tutayataja.

RAM ya T450 ni DDR3L ya laptopu, ya volti 1.35. Kwenye lebo tafuta maandishi PC3L-12800. Hiyo herufi L ndiyo muhimu: PC3 isiyo na L ni ya volti 1.5, inaingia kwenye tundu vizuri kabisa lakini mashine hii haitakiwi kupewa, na mara nyingi itagoma kuwaka. DDR4 haiingii, pengo lake liko mahali pengine. Fungua Task Manager, upande wa kumbukumbu, usome matundu mangapi yanatumika. T450 ina mawili. Likitumika moja, ongeza kipande cha 4GB au 8GB, kilichotumika kinafaa, kwani RAM haichakai kama diski.

Nunua pia waya wa kubadilisha SATA kuwa USB 3, au kasha la USB la diski ya inchi 2.5. Bila hicho huwezi kuijaribu SSD kabla ya kuifunga, wala kuvuta faili kutoka diski ya zamani baadaye.

Ukinunua hapa mjini au ukiagiza Kariakoo mzigo ukashukia stendi ya Kange, dai risiti ya EFD yenye jina la bidhaa, na mkubaliane kabla ya kulipa kwamba isipopita jaribio inarudi. Ikifika, piga video ukifungua boksi. Iunganishe kwa waya wa USB, fungua CrystalDiskInfo usome saa ilizowashwa. SSD mpya inasoma sifuri au saa chache. Ikisoma 9,000 umeuziwa iliyotumika. Waya nyingine za bei ndogo hazipitishi taarifa hizo, basi zisome mara tu baada ya kuifunga ndani.

Kisha endesha H2testw, nayo ya bure. Inaijaza SSD yote kwa faili za gigabaiti moja moja, halafu inazisoma tena kuhakikisha hakuna kilichobadilika. Kwenye mlango wa USB 3, wenye alama ya SS, 500GB huweza kumalizika ndani ya saa mbili au tatu. Kwenye USB 2 itakula saa nane au zaidi, maana hupita kama megabaiti 35 tu kwa sekunde. Jaribio lifanyike kwenye kompyuta nyingine ikiwezekana, tusiichoshe hiyo yako. Ikimaliza bila kosa, ukubwa ni wa kweli. Fundi akikwambia jaribio hilo linaichakaza SSD, mwambie nusu terabaiti kati ya 300 haina uzito.

Kufunga si kazi ya kutisha, lakini T450 ina jambo moja ambalo huunguza bodi za watu: ina betri mbili, na moja iko ndani. Ukitoa ya nyuma peke yake umeme bado unapita. Chomoa chaja, washa mashine ukibonyeza F1 uingie kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine), nenda Config, kisha Power, uchague "Disable Built-in Battery". Itajizima yenyewe. Ndipo utoe betri ya nyuma, ulegeze skrubu za kifuniko cha chini kwa bisibisi ya nyota. Skrubu hizo hazitoki kabisa, zinabaki kwenye kifuniko, usizivute. Achanisha kingo kwa kadi ya plastiki, si kwa kisu. Gusa chuma kabla ya kugusa ubao.

Diski imekaa kwenye fremu yake. Itoe taratibu, kiunganishi cha SATA ukivute kimenyooka. Ukikipinda, plastiki inayoshika pini huvunjika na hapo utatafuta waya mwingine. Hamisha fremu kwenye SSD, rudisha. Hewa yetu ya pwani ina chumvi, kwa hiyo ukiwa umeshafungua, tazama pini za RAM. Zikiwa na ukungu au rangi ya kijani, zifute kwa pamba ya masikio iliyoloweshwa kidogo kwa alkoholi ya aisopropili, zikauke kabisa. Ukichomeka chaja tena, betri ya ndani inarudi kazini yenyewe.

Mafundi wengi watataka kuhamisha diski yako yote kama ilivyo kwenda kwenye SSD. Kwa diski yenye afya tungekubali. Kwa yako, hapana: programu za kuhamisha hukwama kwenye sehemu zisizosomeka, na zikifaulu zinakuletea Windows ile ile yenye faili zilizoharibika. Zaidi ya hayo diski ya 500GB inasoma 465GB, na SSD ya 480GB inasoma 447GB, hivyo nyingi zitakataa mpaka upunguze ukubwa wa sehemu za diski ya zamani, yaani kuiandikia tena mgonjwa. Sakinisha upya. Tengeneza flashi ya Windows ya angalau 8GB kwa zana ya Microsoft yenyewe, washa kwa F12, chagua flashi. Leseni ikiwa ilikuwa halali inafuata bodi ya mashine, si diski. Chagua toleo lile lile, Home au Pro, ikiunganishwa na intaneti itajitambua. Ukimaliza, chomeka diski ya zamani kwa waya wa USB uvute faili zilizobaki kwa mpangilio ule ule, zenye thamani kwanza.

Jambo moja la Windows lijue mapema. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, ilhali T450 ni ya kizazi cha 5. Microsoft ina mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama kwa watumiaji hadi Oktoba 2026, jiunge. Linux Mint (mfumo wa bure badala ya Windows) yenye LibreOffice (badala ya Word) inaenda vizuri sana kwenye mashine hii, ila hakikisha kwanza kwamba printa na skana yako vinakubali.

Baada ya kusakinisha, fungua dirisha la amri uandike fsutil behavior query DisableDeleteNotify. Jibu likiwa 0, TRIM inafanya kazi, yaani Windows inaiambia SSD nafasi zipi zimeachwa wazi. Lakini TRIM ina upande wa pili unaokuhusu sana. Kwenye hadi diski, faili uliyofuta kwa bahati mbaya fundi angeweza kuirudisha. Kwenye SSD, ukishaifuta na TRIM ikapita, haipo. SSD pia hailii tik tik. Ikifa mara nyingi hufa kimya, asubuhi moja haionekani tu. Ndiyo maana ile flashi ya mwanzo isigeuzwe ya kubebea nyimbo. Kila Ijumaa jioni weka humo kazi mpya za wiki, kisha ichomoe, ikae nyumbani, si kibandani.

Na betri. SSD ikiwa kazini huisasisha ramani yake ya mahali data ilipo, na umeme ukikatwa ghafla katikati ya kuandika, ramani au faili za Windows zinaweza kuharibika. Hilo laweza kuiua SSD yako mapema kuliko kuandikiwa. Kwa shilingi 200,000 mpangilio wetu ni huu: SSD na waya wa USB kwanza, kipande cha RAM cha 4GB cha pili, betri ya nyuma ya tatu. Fedha isipotosha vyote, shuka kwenye SSD isiyo na DRAM kabla ya kuiacha betri. Mpaka utakapoipata, hifadhi waraka kila baada ya aya chache, na wingu la mvua likijikusanya usianze kazi ndefu ya kunakili.

Diski ya zamani usiifanye ya akiba, na usimpe mtu wa vyuma chakavu ikiwa nzima. Ina skani za vitambulisho vya watu waliokuamini, na nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022. Subiri mwezi mmoja uhakikishe hakuna ulichosahau, kisha ifunge kwenye tambara nene uipige nyundo katikati. Sahani za hadi diski nyingi za laptopu ni za kioo, kwa hiyo vaa miwani na usilifungue tambara mbele ya watoto.